Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Dawa: jaribio la tiba ya CLN1

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye CLN1, aina mojawapo ya ugonjwa wa Batten, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo wa watoto. Maombi ya kujaribu tiba mpya yako mezani kwako na tumeambiwa ofisi yako inataka nusu ya watoto wapewe plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa ila hakina dawa ndani, basi hapo ndipo naomba unisikilize.

Huu ugonjwa hausubiri. Mtoto anazaliwa hana shida yoyote, halafu kwenye mwaka wa kwanza au wa pili anaanza kurudi nyuma, kifafa kinaingia, macho yanazima, alichojifunza kinapotea, na seli za ubongo zikishakufa hazirudi hata ukimpa dawa baadae. Kwahiyo mwaka mzima wa plasebo kwa mtoto wa hivi ni kumpokonya kile kidogo alichobaki nacho!

Najua mtasema bila kulinganisha hamtajua kama dawa inafanya kazi, na ni kweli kabisa, mimi pia sitaki mtoto wangu apewe kitu kisichopimwa. Lakini angalieni CLN2, aina nyingine ya Batten. Kule watoto 23 wote walipewa dawa ya cerliponase alfa, inaingizwa kwenye maji ya ubongo kila wiki mbili, wakalinganishwa na rekodi za watoto 42 waliougua bila tiba. Kwenye alama 6 za kutembea na kuongea, wasiotibiwa walipoteza kama 2 kwa wiki 48, waliotibiwa 0.27 tu, na Marekani wakaipitisha 2017. Rekodi za CLN1 nazo zipo, madaktari wamezikusanya miaka na miaka.

Na kama lazima plasebo iwepo basi fanyeni kama jaribio la nusinersen, dawa ya SMA (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli), ambapo mtoto mmoja kati ya watatu alichomwa kasindano tu mgongoni akabandikwa plasta bila dawa, ila matokeo yalikaguliwa mapema na 2016 jaribio likasimamishwa kwasababu dawa ilionekana wazi inasaidia, wale wa plasebo nao wakafunguliwa mlango wa kupewa. Hicho kipengele cha kuhamia kwenye dawa kiandikwe kabla mtoto wa kwanza hajaingia, sio kije kujadiliwa baadae wakati wazazi tunalia kwenye korido.

Usalama kazeni mnavyotaka, madhara yakitokea yatangazwe yote. Na kamati ikikaa, tunaomba mzazi mmoja wa CLN1 awemo ndani na apewe nafasi ya kuongea kabla hamjapiga kura.