Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, 20 Machi

Ndugu Mgeni Rasmi, Daktari wa Kinywa na Meno wa Wilaya, Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru kwa kuacha foleni ya wagonjwa ukaja kwetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, shule hii ina bomba moja, na kengele ya saa nne ikilia sote tunalikimbilia. Mwaka jana mwenzetu wa darasa la tatu aliinama kunywa, akasukumwa, jino la mbele likagonga koki na kukatika nusu. Katikati ya jino kulionekana kidoa chekundu kama kichwa cha pini. Tulimwambia asukutue, akarudi darasani. Kipande tulikirusha juu ya paa, kama tulivyozoea kurusha meno ya utotoni, kumbe kingeweza kugundishwa. Baada ya miezi michache fizi ikaota kijipu. Kituo cha kwanza walitaka kung'oa. Mama yake akakataa, akampeleka mbele.

Huko ndiko tulikoelimishwa. Meno mawili ya kati ya juu huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8, lakini mizizi yake huhitaji kama miaka 3 zaidi kukamilika. Kwa nje jino limekomaa. Ndani kuta za mzizi bado nyembamba, na ncha iko wazi kama mdomo wa tarumbeta. Fundi anayeujenga mzizi huo ni nyama ya ndani, yaani kile kidoa chekundu. Angewahishwa, daktari angeondoa milimita 2 hivi za nyama iliyodhurika, akaweka dawa, akaziba, na mzizi ungeendelea kukua. Nyama ilikuwa imeshakufa, hivyo jino lilisafishwa ndani na ncha ikazibwa kwa dawa inayoganda kama saruji. Jino analo, na anacheka nalo. Ila mzizi umebaki mwembamba, na golini hadaki tena.

Mwezi uliopita, kwenye rede, jino la msichana wa darasa la nne lilitoka zima. Safari hii mpishi wetu wa uji alilishika upande unaoonekana mtu akicheka, hakuugusa mzizi, akalitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa baridi, bodaboda ikaitwa. Kabla ya kengele ya mchana lilikuwa limerudishwa mahali pake. (Lingekuwa la utotoni lisingerudishwa, maana lingeweza kuliumiza la kudumu lililo chini yake.)

Maombi yetu ni koki mbili zaidi, mafunzo ya nusu siku kwa walimu na wapishi, na agizo kwa vituo kwamba jino la mbele la mtoto lising'olewe kabla hujaliona.

Mwenzetu yule amekaa mstari wa mbele. Anaomba umtazame baada ya hotuba, kwani tarehe yake ya kliniki ilipita, nauli haikupatikana.

Tunaomba kuwasilisha.