Mnamsifia Clint Eastwood, Sergio Leone je?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya muvi za kaboi nimeisoma yote na nimeipenda, ila kuna kitu kimenikera, mwigizaji Clint Eastwood mmemmwagia sifa mwanzo mwisho halafu dairekta Sergio Leone hata jina hamjamtaja, sasa zile muvi zilizomtoa aliziongoza nani?

Leone ni Mtaliano wa Roma, kazaliwa 1929, baba yake dairekta wa enzi za sinema bubu na mama mwigizaji, yani sinema kaikuta nyumbani. Alisota miaka mingi akiwa msaidizi wa wenzie mpaka 1959 alipoachiwa kumalizia muvi ya dairekta aliyeugua. Muvi yake ya kaboi na Eastwood, A Fistful of Dollars, ikaja 1964, na lile jangwa tunaloliona sio Marekani kabisa, ni Almería huko Hispania, Eastwood mwenyewe kipindi hicho alikuwa mtu wa tamthilia za TV akalipwa dola 15,000. Kweli, hadithi Leone aliichukua kwa dairekta Mjapani Kurosawa bila ruhusa, wakamshtaki, wakaishia kukatiwa asilimia 15 ya mapato, na pale alikosea, hilo silitetei. Ila namna ya kuipiga ile picha ilikuwa yake.

Tazameni mwanzo wa Once Upon a Time in the West ya 1968. Majambazi watatu wako stesheni wanasubiri treni, dakika kumi nzima karibu hakuna anayeongea, unasikia kinu cha upepo kinalia kwichi kwichi, maji yanadondoka tone tone kwenye kofia ya mmoja, mwingine nzi anamtambaa usoni mpaka anamnasa ndani ya mtutu wa bastola. Na muziki wa Ennio Morricone, aliyesoma naye utotoni, ulitungwa kabla ya kushuti, ukawa unapigwa palepale waigizaji wakicheza.

Kinachoniuma zaidi ni Once Upon a Time in America, 1984. Wasambazaji wa Marekani waliifyeka kutoka dakika 229 hadi 139 na matukio wakayapanga upya, stori ikafa. Hakuongoza nyingine tena, moyo ulimsimama 1989 akiwa na miaka 60 tu, huku akiandaa muvi ya kuzingirwa kwa mji wa Leningrad huko Urusi, kwenye Vita Kuu ya Pili.

Eastwood hajamsahau, Unforgiven ya 1992 iliyompa Oscar kaitoa kwa heshima ya Sergio. Basi na nyie mkirudia mada hii mpeni nafasi yake, na hiyo ya 1984 waambieni wasomaji watafute ile ndefu, fupi waachane nayo.

Msomaji wenu,
Tanga