Uholanzi isomwe kutoka mtoni, si baharini

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu jiografia na siasa za Ulaya imeimaliza Uholanzi kwa aya moja: nchi iko chini ya usawa wa bahari, watu wake wakapambana na bahari, wakawa mabaharia, wakatajirika. Si uongo, lakini kunamwacha msomaji mlangoni. Anayetaka kujua Waholanzi wamemwogopa nani na wameshikamana na nani kwa miaka 400 aitazame ramani kutoka mashariki, pale mto Rhine unapoingia nchini karibu na kijiji cha Lobith. Uholanzi ni mdomo wa mito mitatu, Rhine, Meuse na Scheldt. Mmoja huanzia Uswisi, miwili Ufaransa. Hakuna hata mmoja ambao chanzo chake kimo mikononi mwao.

Kwanza hilo la kuwa chini ya bahari. Ardhi ile haikuumbwa chini. Miaka 1000 iliyopita sehemu kubwa ya magharibi ya nchi ilikuwa kinamasi kilichoinuka kidogo juu ya bahari, udongo wake ukiwa ni mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza. Wakulima wakachimba mitaro ili wapate mashamba. Udongo wa namna hiyo ukitolewa maji hujishindilia kwa uzito wake, na hewa ikishaupenya huoza na kupotea kama gesi. Shamba linashuka. Likishuka, mtaro hautoi maji tena, basi unachimbwa zaidi, na shamba linashuka tena. Kufikia karne ya 15 maji ya mahali pengi hayakutoka yenyewe hata bahari ikipwa, ikabidi yainuliwe kwa vinu vya upepo. Gurudumu la kinu kimoja huinua maji mita 1.5 hivi, kwa hiyo penye kina vinu vilipangwa ngazi kwa ngazi, cha chini kikikipokeza maji cha juu yake, mpaka yafike kwenye mfereji unaozunguka eneo lote. Ziwa Beemster lilikaushwa hivyo mwaka 1612, kwa vinu zaidi ya 40. Ziwa Haarlemmermeer lilisubiri mashine za mvuke na kukauka 1852. Uwanja wa ndege wa Schiphol umejengwa juu ya sakafu yake, na mawaridi ya Naivasha yanayoshushwa pale yanashushwa penye samaki wa zamani. Leo nukta ya chini kabisa, kaskazini mashariki ya Rotterdam, iko mita 6.76 chini ya usawa wa bahari.

Matokeo yake ni kwamba mito inapita juu kuliko mashamba, ikishikiliwa na matuta. Tuta la mto likipasuka maji hayana pa kurudi. Nchi ya namna hii hailali usingizi kwa sababu ya mambo yanayotokea huko juu ya Rhine, Cologne na Basel, si kwa sababu ya mawimbi peke yake.

Mwaka 1672 ndio somo lenyewe. Ufaransa ya Louis wa 14, Uingereza, na maaskofu waliotawala Münster na Cologne waliishambulia Uholanzi kwa pamoja. Jeshi la Waholanzi lilijipanga nyuma ya mto IJssel, tawi la kaskazini la Rhine, likitegemea maji yake. Lakini Rhine ikishaingia nchini hugawanyika, na kwa miaka mingi tawi la kusini, Waal, lilikuwa likijichimbia njia na kuvuta karibu maji yote. Matawi ya kaskazini yalikuwa yamejaa mchanga. Kiangazi kile kilikuwa kikavu pia. Tarehe 12 Juni wapanda farasi wa Kifaransa waliuvuka Rhine karibu na Lobith, farasi wakitembea chini na kuogelea kidogo tu katikati. Ngome ya IJssel ikawa imezungukwa kwa nyuma kabla haijapigana.

Kilichowaokoa ni kufungulia maji kwenye ukanda wa mashamba kutoka Muiden hadi Gorinchem, ili jimbo la Holland, lililo magharibi mwa nchi, libaki kama kisiwa. Watu husimulia jambo hili kama ujanja rahisi. Halikuwa rahisi. Kina kinachotakiwa ni kama nusu mita: askari mwenye mzigo hawezi kutembea kwa sababu haoni mitaro iliyofichika chini, na mashua nayo inakwama. Kikizidi sana, adui analeta mashua. Kikipungua, anavuka kwa miguu. Maji ya mto yalitakiwa kuliko ya bahari kwa kuwa chumvi huliharibu shamba kwa miaka, lakini mito ilikuwa imepungua, kwa hiyo kujaa kulichukua wiki kadhaa. Wakulima walipinga, wengine wakaziba milango ya maji usiku. Barabara na matuta yaliyobaki juu ya maji yalihitaji ngome na mizinga, maana ndiko adui angepita. Tena kuna barafu. Mwishoni mwa Desemba Jenerali Luxembourg wa Ufaransa alivuka juu ya maji yaliyoganda akachoma Bodegraven na Zwammerdam, na kilichomrudisha ni barafu kuanza kuyeyuka. Miaka 122 baadaye barafu haikuyeyuka: katika baridi ya 1794 kuingia 1795 Wafaransa walivuka mito yote wakaichukua nchi. Mwaka 1940 Wajerumani waliruka juu ya maji kwa miavuli.

Baada ya 1672 Waholanzi walifanya mambo mawili. La kwanza ni la udongo na majembe. Kati ya 1701 na 1707 walichimba mfereji wa Pannerden, kwanza kama handaki la ulinzi, na ukawa mdomo mpya wa tawi la kaskazini. Kuanzia hapo maji ya Rhine yakaanza kugawiwa kwa kipimo: theluthi mbili ziende Waal, mbili ya tisa Rhine ya Chini, na moja ya tisa IJssel. Kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo. Bila kukijua, huwezi kueleza kwa nini mji fulani una bandari na mwingine una historia ya bandari.

La pili ni la siasa. Wakashika msemo wa Kilatini usemao kwamba Mfaransa awe rafiki, asiwe jirani. Nchi iliyo kati yao na Ufaransa, ambayo leo ni Ubelgiji, ikawa ndiyo tuta lao la kusini. Kwa mkataba wa 1715 waliruhusiwa kuweka askari wao katika miji yenye ngome kama Namur, Tournai na Ypres, iliyokuwa ya Austria. Ngome hizo zilipewa fedha kidogo na askari wachache, na Wafaransa walipokuja miaka ya 1744 na 1745 zilianguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1815 mataifa makubwa yakajaribu tuta nene zaidi, yakaiunganisha Uholanzi na Ubelgiji kuwa ufalme mmoja. Lilipasuka 1830.

Hapo hapo kuna sura ambayo wapenzi wa Uholanzi huiruka, nayo haipendezi. Anayekaa mdomoni mwa mto huweza kuufunga. Antwerp ilikuwa bandari kuu ya Ulaya kaskazini katika karne ya 16, lakini Scheldt hufika baharini kupitia Zeeland, ambayo ni ya Waholanzi. Hispania ilipouteka mji mwaka 1585, Waholanzi waliziba mto, na mkataba wa Münster wa 1648 ukaufanya ufungaji huo kuwa sheria. Biashara ikahamia Amsterdam. Mto ulibaki umefungwa hadi Wafaransa walipoufungua miaka ya 1790, na jambo hilo ni mojawapo ya sababu zilizoiingiza Uingereza vitani 1793. Ubelgiji ilipopata uhuru, mkataba wa 1839 uliwaachia Waholanzi ushuru kwa kila tani, na Wabelgiji walikuja kuununua ushuru huo mwaka 1863 kwa guilder (fedha ya Uholanzi ya wakati huo) zaidi ya milioni 17.

Kwenye Rhine walifanya vilevile kwa njia ya sarufi. Mkutano wa Vienna wa 1815 ulisema usafiri uwe huru hadi baharini. Serikali ya Uholanzi ikashikilia kwamba "hadi" si "kuingia", kwamba uhuru unakoma pale maji ya chumvi yanapoanza, na ikaendelea kutoza. Prusia, dola ya Kijerumani iliyokuwa juu ya mto, ilibishana nao mpaka mkataba wa Mainz wa 1831. Usafiri ulikuja kuwa huru kweli kwa mkataba wa Mannheim wa 1868, na kwa Waholanzi uhuru huo uligeuka faida kubwa kuliko ushuru wote: viwanda vya Ruhr, Ujerumani, vilihitaji madini na nafaka, na Rotterdam ikawa mlango wao. Huo ndio usuli wa kutoegemea upande katika vita ya 1914. Moltke, mkuu wa majeshi ya Ujerumani, aliiacha Uholanzi bila kuivamia ili ibaki koo la Ujerumani la kupumulia.

Makala yenu pia imesema kwamba baada ya 1945 jiografia "ilipoteza nguvu" kwa sababu ya NATO na umoja wa Ulaya. Tunaomba kutokubaliana. Kuanzia 1951 Waholanzi walijenga kwa siri mtambo wa kuzuia majeshi ya Urusi kwa mito ile ile. Mabwawa yanayoelea yangeshushwa Nijmegen kuziba Waal na Arnhem kuziba Rhine ya Chini, maji yote yasukumwe IJssel, kisha yazibwe tena Olst ili yafurike. Mafuriko yangeenea kama kilomita 120, na watu wapatao 400,000 wangehamishwa. Mpango ulifutwa 1964, na sababu ni ya ramani: Ujerumani Magharibi ilikuwa imeingia NATO, mstari wa ulinzi ukasogezwa mashariki ndani ya Ujerumani. Kwa mara ya kwanza mwenye sehemu ya juu ya mto alikuwa upande wao. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini Uholanzi ilishikilia NATO kwa nguvu kuliko majirani wengi.

Na maji yenyewe hayakuacha kuja na matatizo. Migodi ya potashi (madini ya mbolea) ya Alsace, Ufaransa, ilimwaga chumvi Rhine kwa miongo mingi. Mlipaji alikuwa aliye chini, yaani mabomba ya maji ya kunywa na bustani za miche za Uholanzi. Mkataba wa Bonn wa Desemba 1976 uligawa gharama ya kupunguza chumvi hivi: Ufaransa asilimia 30, Ujerumani 30, Uswisi 6, na Uholanzi, aliyeumizwa, 34. Hata hivyo haukuanza kutumika hadi 1985, kwa sababu Ufaransa ilichelewa kuuidhinisha, maana watu wa Alsace hawakutaka chumvi izikwe kwao. Mwaka huo huo wa 1976 mahakama ya Ulaya iliamua, katika kesi ya wakulima wa miche wa Uholanzi dhidi ya migodi hiyo, kwamba mwenye kudhurika anaweza kushtaki ama pale uchafu ulipotoka ama pale ulipomfikia. Kwa nchi ya chini ya mto uamuzi huo una uzito kuliko manowari. Ndiyo maana Uholanzi hupigania mahakama na mikataba ya kimataifa: hana njia nyingine ya kuufikia mkono ulio juu.

Mwaka 1995 watu 250,000 walihamishwa kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali na mipaka yao. Tangu hapo wameacha kuinua matuta tu na kuanza kuyarudisha nyuma, ili Rhine ipate nafasi ya kupitisha mita za ujazo 16,000 kwa sekunde pale Lobith.

Mkiichapa tena ramani ya makala ile, tunaomba msiikate kwenye mpaka wa Ujerumani. Muonyeshe Lobith, Pannerden na mdomo wa Scheldt, na mishale inayoonyesha maji yanatoka wapi.

Wasomaji wenu,
Walimu wa jiografia na historia,
Morogoro