Watoto wafunzwe kuhusu bunduki, lakini kufuli itangulie

Mhariri,

Kila likizo ya shule inapoanza, watoto wa Nairobi hutawanyika kwa jamaa: huyu kwa shangazi yake Embakasi, yule kwa mjomba Lang'ata, na wengine hushinda kwa jirani hadi wazazi watoke kazini. Wazazi huuliza kama kuna mbwa mkali, au kama roshani ina vyuma vya kumzuia mtoto asianguke. Swali la kama kuna bunduki katika nyumba hiyo, na huwekwa wapi, halijazoeleka, nami naomba lizoeleke.

Si swali la kumvunjia mtu heshima. Mama anaweza kusema tu, "Wifi, shemeji akirudi na bastola jioni huiweka wapi?" na jibu lolote litakalotolewa, hata lile la kusitasita, litamsaidia kuamua kama mtoto atalala huko. Tusidhani kwamba jambo hili linawahusu matajiri wenye leseni peke yao. Tangu mwaka wa 2018, serikali ilipotangaza kwamba askari wa vyeo vya chini watalipwa marupurupu ya nyumba ili waishi miongoni mwa raia, maafisa wengi wamekuwa majirani zetu katika nyumba za kupanga, na baadhi yao hurudi nyumbani na silaha kiunoni.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki aihifadhi mahali salama. Juu ya kabati si mahali salama, wala chini ya godoro, wala ndani ya mkoba wa mama uliotundikwa nyuma ya mlango. Watoto wanapajua pote hapo, kwa sababu ndiko wanakotafuta biskuti na simu walizofichwa. Silaha inapaswa kutolewa risasi na kufungiwa ndani ya sefu, risasi zikafungiwa kwingine, na ufunguo ukae na mwenyewe. Hapa pana kosa ambalo hata watu wazima hulifanya: kuchomoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, na kuamini kwamba bastola imekuwa tupu. Risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, na bastola nyingi hufyatuka hata magazini ikiwa mezani.

Kuhusu mafunzo yenyewe, maneno ya kumwambia mtoto ni machache: ukiona bunduki, simama, usiiguse, ondoka hapo, umwambie mtu mzima. Hata hivyo, kuyakariri hakutoshi. Watafiti nchini Marekani waliwafundisha watoto wa miaka 4 na 5 maneno ya aina hiyo, wakagundua kwamba waliweza kuyataja vizuri lakini hawakuyatenda walipokutana na silaha. Waliofanyishwa mazoezi ya vitendo, wakarudia na kusahihishwa, walifanya vyema zaidi. Katika utafiti mwingine wa huko uliochapishwa mwaka wa 2001, wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa katika chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi iliyofichwa kwenye droo. Wengi waliipata, wengi wa walioipata wakaishika, na baadhi yao wakavuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioipata walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika kama ni ya kweli, jambo ambalo halinishangazi nikikumbuka bunduki za plastiki zinazouzwa mitaani mwetu msimu wa Krismasi.

Kwa hivyo mzazi na afanye mazoezi na mwanawe pale sebuleni, akiweka bunduki ya kuchezea chini ya mto wa kochi na kumtazama mtoto akisimama, akitoka, akija kumwita. Akija, asikemewe kwa kuchungulia. Apongezwe, maana mtoto anayeogopa kuchapwa atanyamaza. Dada wa kazi naye afundishwe, kwa kuwa ndiye mtu mzima aliyeko nyumbani saa nyingi kuliko sisi.

Naiomba Bodi ya Leseni za Silaha imtake kila anayehuisha leseni athibitishe ana sefu na aonyeshe mahali ilipofungwa. Vilevile, Huduma ya Taifa ya Polisi iwape maafisa wanaoishi mitaani makasha ya chuma ya kufungia bastola zao, kwa kuwa chumba kimoja cha kupanga, chenye watoto watatu na kitanda kimoja, hakina pa kuificha silaha.

Mzazi na mwalimu,
Nairobi