Usilipe Kodi Kabla Hujafika

Chuno, Mtwara
Jumapili jioni, mwezi wa sita

Mama Imani, mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Sisi wazima, watoto wamefunga shule, na kusi inavuma vizuri siku hizi mpaka usiku tunajifunika shuka. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Nilifurahi mpaka nikamwita Baba Neema atoke nje aje asikie: uhamisho umetoka, na umepangiwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, hapa hapa Mtwara, kule Mitengo! Miaka yote hii tunaongea kwa simu tu, leo unakuja kuwa jirani yangu.

Lakini ile sehemu ya mwisho imeninyima usingizi. Dalali amekutumia picha za nyumba Shangani, na anataka kodi ya miezi sita pamoja na mwezi wake mmoja kabla ya Ijumaa, la sivyo kuna mtu mwingine anaichukua. Nakuomba sana, usitume hiyo hela. Ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu, maana haya mambo yanataka utulivu.

Simsemi vibaya huyo dalali, simjui. Huenda nyumba ipo na picha ni za kweli. Hata ya kwangu ya kwanza ilikuwepo, na picha zilikuwa za kweli.

Sikuwahi kukusimulia yote. Tulipofika Mtwara ilikuwa mwezi wa nane. Tulipata nyumba ya vyumba vitatu ndani ya fensi, laki moja kwa mwezi, rangi ya krimu imepakwa juzi juzi, uwanja umefagiwa, mwembe unatoa kivuli. Tukalipa siku ile ile. Kitu ambacho mtu wa Njombe kama sisi hakijui ni kwamba huku mvua zina msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinaisha mwezi wa nne au wa tano, na baada ya hapo ni ukavu mtupu. Ukija mwezi wa nane mji mzima ni mkavu, bonde na mlima vinafanana. Hakuna dimbwi la kukuonyesha maji huwa yanakaa wapi.

Januari ikanyesha usiku kucha. Saa tisa nilishusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Neema alikuwa na miaka minne, tukampandisha juu ya meza pamoja na begi la vyeti. Magodoro yakaharibika, friji ikafa. Asubuhi maji yalipopungua niliona kitu nyuma ya mlango wa chumba cha watoto ambacho sijakisahau. Rangi ilikuwa imevimba usawa wa goti, kama ngozi iliyoungua. Nikapitisha kidole, ikabanduka pande zima, na chini yake kulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kutoka kona mpaka kona. Juu yake kidogo kulikuwa na mstari mwingine, mkavu, wa zamani. Ile rangi ya krimu haikuwa ya kupendezesha nyumba. Walikuwa wamefunika alama za maji ya miaka iliyopita.

Jirani yetu wa genge, mama mmoja wa Kimakonde aliyekuwa akitupimia ming'oko na dagaa kila jioni, alikuja kunipa pole na chapati za watoto. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, wapangaji wa nyumba ile huwa wanahama mwezi wa pili." Miezi mitano nilinunua nyanya kwake, na siku ya kwanza, kabla sijatoa hela, nilipita mbele ya genge lake nikamsalimia tu. Sikumuuliza. Angeniambia, kwa sababu hakuwa na faida yoyote ya kunificha. Mtaa ule sikutajii, bado nina watu wangu pale na wengine hawana pa kuhamia.

Basi ukija, kabla ya dalali na kabla ya mwenye nyumba, nenda kwa muuza genge. Nunua fungu la mchicha, uliza maji yanapita wapi mvua ikinyesha, uliza aliyekuwa anakaa pale alihama kwa nini. Halafu ingia ndani utazame nyuma ya milango na chini ya madirisha, usawa wa goti. Kama kuta zote ni kuukuu ila chini tu ndiko kumepakwa rangi mpya, ondoka.

Sasa Shangani. Ni kuzuri, sikatai. Miti mikubwa, viwanja vipana, upepo wa bahari, na jioni unatembea hadi ufukweni. Lakini nikikufikiria wewe naona mambo mawili hayakai sawa.

La kwanza ni umbali. Mji huu ulipimwa na Waingereza wakati wa ule mpango wao mkubwa wa karanga, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951. Walitegemea uwe mji mkubwa sana, na bandari, na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikukubali, reli ikaja kung'olewa, tukabakiwa na kata inayoitwa Reli na barabara pana zenye mapengo katikati. Kwa hiyo usiamini mtu akikwambia "ni hapo tu." Hapo tu ya Mtwara ina jua kali na nusu saa ya miguu. Shangani iko ncha moja ya mji, na Mitengo ni upande wa pili kabisa, njia ya kwenda Mikindani. Mchana bajaji zipo. Lakini wewe ni muuguzi, una zamu za usiku. Utatokaje Shangani saa moja usiku mvua inanyesha, na utarudije asubuhi ukiwa umechoka? Mahali pa kukaa mtu wa zamu hapapimwi mchana. Mimi ningetaka uwe hapa usiku mmoja, usimame kwenye mlango wa nyumba unayoitaka saa ile ile utakayokuwa unatoka, uone kama kuna taa, kuna watu, na bodaboda inachukua dakika ngapi kufika.

La pili ni Bibi. Umesema unamleta mama mkwe, na presha yake. Bibi ninayemjua mimi ni mtu wa barazani. Anajua mtoto wa nani kapita na anaenda wapi. Ukimweka nyuma ya ukuta mrefu, majirani wako kazini kutwa, wewe umelala kwa sababu ulikesha, Imani yuko shule, atakaa na nani? Kuna dada mmoja mwalimu alimleta mama yake akamweka kwenye nyumba nzuri ya namna hiyo. Mama alikonda, hospitali hawakuona ugonjwa. Walipohamia Majengo kwenye nyumba ya kawaida yenye baraza inayotazama njia, alianza kula. Mambo ya namna hii hayaonekani kwenye picha, nami nayaona mazito kuliko vigae.

Majengo na Magomeni watu wamebanana zaidi, soko liko karibu, na salamu hazikatiki tangu alfajiri. Ukitaka msaada saa nane za usiku, unagonga ukuta tu. Nawe lazima ujue kwamba shule zikifunga kuna ngoma. Huku jando na unyago ni mambo mazito, watoto wakitoka ndani mtaa mzima unasherehekea, na muziki unaweza kukesha. Siku yako ya kulala mchana baada ya zamu itakuwa ngumu. Mimi nimezoea, na majirani wakinialika naenda. Pima mwenyewe. Tena Majengo kuna kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo padri Mjerumani Polycarp Uehlein alilichora ukuta kwa ukuta miaka ya sabini. Bibi akiingia mle Jumapili ya kwanza hatataka kutoka.

Mikindani ndiko wengi watakuambia, kwa kuwa uko karibu na kazini. Ni mji mzee, wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, na wageni bado wanaonyeshwa kuwa Livingstone alipita pale 1866 akielekea bara katika safari yake ya mwisho. Napapenda kuliko sehemu yoyote ya hapa. Hewa tulivu, samaki wabichi, watu wana adabu ya zamani. Ila ukitaka duka kubwa au ofisi ya mkoa, utapanda gari kuja mjini. Kama Imani utamweka shule ya huko huko, sawa. Kama unamtaka shule ya mjini, mtoto wa darasa la nne atakuwa anaamka gizani kila siku, na dereva akichelewa wewe uko wodini. Amua shule kwanza, nyumba ifuate.

Mitengo kwenyewe, na viwanja vipya vya upande ule, kodi ni nafuu na utaenda kazini kwa miguu. Shida ni kwamba nyumba moja iko hapa na nyingine kule, katikati ni mikorosho. Wakati huu wa kiangazi panapendeza. Usiku peke yako na Bibi na mtoto, sijui. Ningekutaka ukae huko mwaka wa pili, ukishajua watu.

Kuhusu maji, uliza bomba linatoka siku ngapi kwa wiki, na uonje ya kisima kabla ya kuambiwa ni matamu, maana karibu na bahari vingine vina chumvi. Birika langu lina ukoko mweupe kama chokaa, nalikwangua kila mwezi. LUKU ya umeme iwe yako peke yako, usikubali mita ya kushea. Ukikaa karibu na ufuko, kutu itakula mabati, jiko la gesi na hata bawaba za kabati. Na madirisha yatazame upepo. Wewe umezoea baridi ya Njombe, hujui Desemba ya huku. Nyumba isiyopitisha upepo mwezi huo hulali, na mtu wa presha anateseka.

Jambo lingine ambalo dalali hatakuambia ni korosho. Minada ikianza mwezi wa kumi mji unajaa, wanunuzi wanatafuta vyumba, malori yanapanga foleni kuelekea bandarini, na wenye nyumba wanajua. Barabara za upande wa bandari hazina usingizi. Kwa hiyo haraka ipo kweli, lakini ni ya kumaliza kabla ya mwezi wa kumi, siyo kabla ya Ijumaa. Una miezi mitatu. Na posho ya uhamisho ikichelewa, kama inavyochelewa kwa wengi, hiyo akiba uliyonayo ndiyo itakayokuwezesha kuhama tena ukikosea. Ukishaitoa yote kwa miezi sita, umefungwa pale pale hata maji yakiingia. Sisi tulikaa na magodoro yaliyooza mpaka mwezi wa tatu kwa sababu hiyo tu.

Basi nimeshaongea na Baba Neema. Njoo wewe na Imani kwanza, Bibi abaki kwa shemeji mwezi mmoja. Chumba cha nyuma kipo, na chandarua nimefunga jana. Hapa Chuno siyo karibu na Mitengo, lakini jirani yangu ana bajaji na ni mtu wa kuaminika, atakuwa anakupeleka zamu kwa makubaliano. Siku zako za mapumziko tutazunguka mimi na wewe, mtaa kwa mtaa, mchana na usiku. Mwenye nyumba tukimpata, tutaomba kuanza na miezi mitatu. Wengine wanakubali ukimkuta mwenyewe, uso kwa uso, na umefuatana na mtu wanayemfahamu. Kisha twende wote kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, ili jina lako lijulikane kabla ya shida yoyote.

Panda basi la kupitia Songea, Tunduru na Masasi. Ni safari ndefu, mchukulie Imani kitu cha kula. Ukishapita Mingoyo usilale tena. Mkifika Mikindani bahari itakuwa kushoto kwenu, karibu kabisa na barabara. Mwamshe aione, maana hajawahi. Mshuke stendi ya Mkanaledi, nitakuwa pale hata kama ni usiku wa manane.

Huyo dalali mjibu tu kwamba utaiona nyumba ukifika. Mablanketi acha, leta moja tu la Imani. Na kama mzigo unaruhusu, niwekee debe la viazi vya kwetu, vinavyofika hapa vimeshachoka na safari.

Nijibu kabla ya Ijumaa, moyo utulie.

Wako,
Mama Neema