Msizisugue sarafu za kale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu makala ya sarafu za kale iliyotoka gazetini hivi karibuni. Nimefurahi kwamba gazeti limelipa jambo hili nafasi, maana wanaokusanya sarafu ni wengi na mara chache huandikiwa. Ila makala ile ilitoa mashauri mawili ambayo naomba yasahihishwe upesi, kabla watu hawajayafuata. La kwanza, kwamba sarafu ya kale isuguliwe kwa limau na majivu, au kwa dawa ya meno, mpaka ing'ae na maandishi yake yasomeke. La pili, kwamba sarafu isiyonaswa na sumaku ni halisi.

Mimi ni sonara. Fedha na dhahabu zimepita mikononi mwangu tangu ujana, na sarafu nazikusanya kwa mapenzi yangu tu. Nasema bila kusita: anayefuata shauri la kwanza anafuta ushahidi mwingi ambao ungemwezesha kujua kama sarafu yake ni ya kweli au ya kughushi. Na shauri la pili halitamrudishia ushahidi huo.

Nianze na sumaku, kwa kuwa maneno yake ni mafupi. Sumaku hunasa chuma na nikeli. Fedha haiinasi, wala dhahabu, shaba, risasi, bati au zinki. Mghushi akisubu sarafu yake, yaani akiyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, kwa risasi na bati, au akapaka fedha juu ya shaba, sumaku itakaa kimya vilevile kama inavyokaa kimya mbele ya fedha safi. Kwa hiyo sumaku ikinasa sarafu inayodaiwa kuwa ya fedha, umeshapata jibu. Isiponasa, bado hujajua kitu.

Tena zipo sarafu halali zinazonaswa. Mwaka 1943 Marekani iligonga senti za chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani, na senti hizo zinairukia sumaku. Chache sana za mwaka huohuo ziligongwa kwa shaba kimakosa, nazo ndizo zinazotafutwa mno. Basi waghushi wakashika njia mbili. Wengine wanachukua senti ya chuma wanaipaka shaba; hiyo sumaku inaifichua papo hapo. Wengine wanachukua senti ya shaba ya mwaka 1948, wanaikwangua 8 mpaka inakuwa 3. Hiyo haifichuliwi na sumaku wala mizani, maana ni senti ya kweli ya shaba, yenye gramu 3.11 kama inavyotakiwa. Inafichuliwa na lenzi: mkia wa 3 ya kweli katika senti za 1943 unashuka chini ya tarakimu nyingine, na pale chombo kilipokwangua pamebaki makovu. Sasa chukua senti ya namna hiyo uisugue kwa majivu. Makovu yale yatakwenda pamoja na weusi, na mdanganyifu atakuwa amefanyiwa kazi yake na mwenye mali.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye kusugua.

Sarafu ya kawaida ya karne hizi za karibuni hugongwa. Kipande bapa cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kugandamizwa kwa nguvu kubwa, na madini, ingawa ni baridi, hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni yakijaza kila mchoro. Mtiririko huo huacha mistari myembamba mno juu ya uso. Macho hayawezi kuuona mstari mmoja mmoja, lakini ukiiinamisha polepole chini ya taa sarafu ambayo haijachakaa, utaona mwale wa mwanga ukizunguka uso mzima. Mwanga ule unatoka kwenye mistari hiyo. Sarafu iliyosubiwa kwenye kalibu haina mtiririko, kwa hiyo haina mzunguko huo wa mwanga. Badala yake ina vishimo vya mapovu ya hewa, herufi zake hazina kona kali, na kwenye ukingo mara nyingi pana mshono ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, au alama za tupa iliyotumika kuuondoa mshono huo.

Dawa ya meno ina chembe za kusagia, na majivu pia yanasaga. Ukisugua unalainisha kona za herufi, unafuta mistari ya mtiririko na kuweka mikwaruzo yako mahali pake. Sarafu ya kweli inatoka hapo ikiwa na sura ileile ya sarafu ya kusubu! Limau nalo ni asidi. Linakula uso wa shaba na kuiacha na uwaridi usio wake, ambao mkusanyaji yeyote mzoefu anautambua kabla hajaishika.

Weusi wa fedha nao una kazi. Unatokana na salfa iliyomo hewani, unajengeka polepole kwa miaka, na hukaa zaidi kwenye kona za herufi na chini ya michoro, mahali ambapo vidole havifiki. Anayeghushi hujaribu kuuiga kwa dawa, lakini weusi wake mara nyingi unalala sawasawa kila mahali, hata kwenye sehemu zilizoinuka ambazo zingepaswa kuwa zimelika kwa kushikwa. Ukiuona weusi uliokaa panapostahili, una shahidi mzuri. Kwa nini umfukuze?

Baada ya makala yenu kutoka, mama mmoja aliniletea reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha malkia huyo wa Austria, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mpwa wake alikuwa amesoma gazeti, akaanza kuisugua upande wa kichwa cha malkia kwa dawa ya meno. Mama alimkuta, akamnyang'anya kabla hajageuza upande wa tai. Akaniuliza, "Fundi, hii ni fedha kweli, au marehemu alidanganywa?"

Nikamwambia, "Kaa, mama, tutaiuliza yenyewe."

Reale hiyo ikitoka kiwandani huwa na gramu 28.07, upana wa karibu milimita 40, na fedha sehemu 833 katika 1,000, iliyobaki ni shaba. Ya mama ilisoma gramu 27.9, upungufu wa kawaida kwa sarafu iliyotembea. Kisha nikaweka bilauri ya maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikaifunga sarafu kwa uzi mwembamba na kuining'iniza ndani ya maji bila kugusa kitako wala kuta za bilauri. Mizani ikasoma gramu 2.7 na ushei. Huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, ukigawanya 27.9 kwa hiyo unapata kama 10.2, na mchanganyiko ule wa fedha na shaba unatakiwa kusoma hivyohivyo. Ingekuwa ya shaba na zinki iliyopakwa fedha, yenye uzito uleule, maji yangesoma 3.2 au 3.3. Njia hii haikwangui, haichomi, na mtu yeyote mwenye mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu za mia za gramu anaweza kuifanya mezani kwake. Kazini kwangu ninalo jiwe la kujaribia, ambalo madini husuguliwa juu yake, na tindikali ya kuyapima, lakini sijawahi kukubali kuvitumia kwenye sarafu ya mtu. Pete unaweza kuing'arisha upya. Sarafu iliyokwanguliwa haina dawa.

Nikageuza ukingo. Reale ya kweli ina maneno ya Kilatini JUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka kuzunguka ukingo wote, pamoja na mapambo, na mghushi wa kusubu hushindwa hapo kwanza. Ya mama ilikuwa nayo, safi na kali. Nikamwambia marehemu hakudanganywa.

Lakini alikuwa na swali la pili, nalo ndilo lililonisikitisha. Alitaka kujua ni ya wakati gani. Mwaka ulioandikwa ni 1780, ambao ndio Maria Theresa aliofariki, lakini sarafu hii iliendelea kugongwa ikiandikwa mwaka huohuo vizazi na vizazi baada yake, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani za Bahari ya Shamu na Ethiopia waliizoea na hawakutaka nyingine. Iligongwa Vienna, na katika karne ya 20 iligongwa pia Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Hizo zote si za kughushi. Kuzitenganisha kunategemea vitu vidogo sana: lulu za bizimu iliyo begani kwa malkia, manyoya ya mkia wa tai, nukta na umbo la herufi. Upande wa tai niliusoma vizuri. Upande wa malkia, lulu za bizimu zilikuwa zimeungana kuwa ute mmoja unaong'aa. Nusu ya jibu ilikwenda na povu la dawa ya meno, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Makala yenu ilisema pia kwamba sarafu za kughushi hujulikana kwa uzito wake. Nyingi ndiyo, lakini siyo zote, na wasomaji wanastahili kujua hivyo. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyeishi 1772 hadi 1830, alichonga mihuri yake mwenyewe na kugonga sarafu za Kigiriki na Kirumi kwa mkono, akitumia madini sahihi na uzito uliokaribia sana. Mistari ya mtiririko alikuwa nayo, mapovu hakuwa nayo. Inasimuliwa kwamba alizitia kwenye sanduku lenye vumbi la chuma akalifunga kwenye gari lake la farasi, ili mtikisiko wa safari uzichakaze. Mtu wa aina hiyo hakamatwi kwa mizani. Anakamatwa kwa kulinganisha: sarafu zake zote zimetoka kwenye mihuri ileile ambayo hakuna sarafu ya kale isiyo na shaka inayolingana nayo. Mihuri yake mingi imehifadhiwa Berlin, na inafundisha hadi leo.

Kulinganisha kuna faida nyingine ambayo naona ni bora kuliko kifaa chochote. Sarafu mbili za kweli zilizogongwa kwa muhuri mmoja zitafanana michoro na hata ufa wa muhuri wenyewe, lakini haziwezi kufanana majeraha. Kila moja ilianguka mahali pake na kukwaruzwa kivyake. Ukikuta sarafu mbili zenye mkwaruzo mmoja, mahali pamoja, urefu mmoja, angalau moja ni nakala, na huenda zote mbili. Ndiyo maana naomba watu wapige picha za sarafu zao na kuzitunza. Na mashine za eksirei zinazosoma madini zisiwaroge. Zinasoma ngozi ya juu tu, na ngozi inaweza kupakwa. Dhahabu safi ina msongamano, yaani ile hesabu ya uzito kugawanywa kwa maji, wa 19.3 na tungsteni, madini mengine mazito, 19.25, kwa hiyo hata bilauri yangu ya maji ina mahali inapokwama.

Msomaji wa Afrika Mashariki angenufaika zaidi kama mngeitaja rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati koloni la Wajerumani limezingirwa na sarafu haziingii. Ina gramu 7.17 hivi na dhahabu sehemu 750 katika 1,000. Inaghushiwa sana kwa sababu inapendwa sana, na anayeletewa moja aipime, aitazame ukingo, ailinganishe na picha za zile zilizo kwenye makumbusho, kabla hajafurahi.

Nisieleweke kwamba sarafu haiguswi kabisa. Udongo uliokauka unaweza kulowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa (yale ya mvuke uliopozwa) na kuachwa ujitoe wenyewe. Ute wa kijani unaotokana na mifuko laini ya plastiki ya PVC huondolewa kwa asetoni safi, mbali na moto, bila kusugua. Na mifuko yenyewe itupwe. Unga wa kijani kibichi unaochipuka kwenye shaba ya kale na kurudi kila ukifutwa ni ugonjwa wa kloridi, yaani chumvi inayoendelea kuila shaba. Sarafu hiyo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu, na apelekewe mtu wa makumbusho anayejua kuutibu. Zaidi ya hapo, ishikwe kwa ukingo, juu ya kitambaa, na iachwe na rangi yake.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, mchapishe masahihisho mahali palepale makala ilipokaa, kwa herufi za ukubwa uleule, mkiwaambia wasomaji waache limau, majivu na dawa ya meno. Na mkiandika tena habari za sarafu, kila picha iambatane na uzito na upana wake, na mpige picha ya ukingo pia. Katika makala nzima hamkuonyesha ukingo hata mmoja.

Wenu,
Sonara na mkusanyaji wa sarafu