Nyumba ya stesheni masta pale Zigi

Tanga

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza ile nyumba kongwe ya getini Zigi, unapopandia Hifadhi ya Amani milimani Usambara, ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya stesheni masta. Watu hulipia kiingilio cha hifadhi pale wasijue kwamba wamesimama mwisho wa reli, kwa kuwa reli yenyewe iling'olewa zamani na msitu ukafunika. Inaniuma, kwani stesheni ile ina mengi ya kusema.

Anza na njia kubwa, reli ya Tanga hadi Moshi. Wajerumani walianza kutandika reli hapa Tanga mwaka 1893, upana wake mita 1 kamili. Kampuni ilisukuma hadi Muheza, kama kilomita 40 tu, ikaishiwa fedha. Serikali yao ikaichukua 1899. Ndipo reli ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Milimani Amani kulikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo tangu 1902, na msitu wa mbao nzuri. Basi kampuni ya mbao ikachepusha reli yake kutoka Tengeni, kituo cha njia ile kubwa, kilomita 23 hivi hadi Zigi.

Mbona haikufika Amani? Utazame mlima wenyewe. Zigi iko kiasi cha mita 450 juu ya bahari, Amani 900, na barabara kati yake ni kama kilomita 9. Hiyo ni kupanda mita 50 kwa kila 1,000. Garimoshi hushika reli kwa uzito wake tu, chuma juu ya chuma. Mpando kama huo unalipunguzia mabehewa mpaka mzigo haulipi, na majani mabichi yakilowa juu ya reli, magurudumu huzunguka papo hapo.

Ukitaka kuifuata njia, usitafute vyuma kwanza. Tafuta kijukwaa kilichochongwa ubavuni mwa mlima, upana wa hatua tatu nne, kinachopanda polepole bila kubadilika. Kikikata kona ya ghafla, huenda hiyo ni barabara ya magari. Kwenye vijito angalia kalavati za mawe.

Ukikuta bamba la chuma lenye umbo la hori lililopinduliwa, ncha zake zimekunjwa kuelekea chini, hilo ni taruma, kilalio cha reli. Huku mataruma ya chuma yalipendelewa kwa sababu ya mchwa, na zile ncha hung'ata kokoto ili njia isihame pembeni. Kipande cha reli nacho kipanguse kwenye shingo, pale palipo pembamba: mara nyingi utasoma jina la kiwanda na mwaka kwa herufi zilizoinuka. Ila mwaka huo ni wa kufuliwa chuma, si wa kujengwa njia. Reli huhamishwa, na nyingine siku hizi ni nguzo za uzio. Ukikosea hapo, historia yote inapinda.

Nenda kabla ya masika, na uombe mtembezaji wa hifadhi.

Wako,
wa Tanga